Pua Isiyozoeshwa

3 Machi

Kwa Kaka,

Salamu, na pole kwa jua la huko jangwani. Natumaini lori la mahitaji limekufikishia barua hii kabla wino haujapauka. Najua simu mnazikabidhi getini kwa kuogopa cheche karibu na mabomba ya gesi, kwa hiyo sikulaumu kwa ukimya. Nakulaumu kwa mwandiko tu, maana barua yako ya mwisho mimi na Mama tuliisoma kwa kubahatisha.

Hapa nyumbani hatujambo. Mama yupo, anakusalimu, anasema ule vizuri. Mimi nimepandishwa cheo. Sasa ndimi mkemia mkuu wa chumba cha vipimo kiwandani, cheo kirefu kuliko chumba chenyewe: meza mbili, feni inayolia kama ina msiba, na kipimio cha gesi kinachokula nafasi yote iliyobaki. Kazi yangu ni kupima gesi ya salfa inayotoka kwenye tanuru la shaba kabla haijapanda dohani na kuwaangukia watu.

Nina swali la kifundi. Ile pua ya zamani uliyoitengeneza kabla hujaondoka, lile bomba la chuma linaloingia kwenye njia ya moshi na kutuletea gesi hadi kwenye kipimio, imetoboka. Tumefunga mpya, moja ya zile mbili za akiba ulizoziacha stoo kwenye gunia. Tangu tuifunge, namba zimeruka juu vibaya sana. Nilikimbia kwa meneja roho juu, yeye hakushtuka hata kidogo. Aliniambia nisiandike chochote kwanza, pua mpya lazima izoeshwe wiki kadhaa mpaka namba zitulie. Alisema ndiyo desturi ya hapa, na desturi hiyo uliianzisha wewe. Ni kweli? Na kama ni kweli, uliijuaje?

Nauliza kwa sababu mwezi wa tano kuna kikao. Wanataka kujenga tanuru la pili, upande ule wa ukuta unaotazamana na mtaa wetu. Mkaguzi wa serikali atakuja, na majirani wataitwa. Kuna karatasi ya vipimo inayosema moshi wetu uko ndani ya kiwango, na karatasi hiyo inahitaji sahihi ya mkemia mkuu, yaani mimi.

Mdogo wako,
Mbishi


19 Machi

Mbishi,

Hongera kwa cheo. Mwandiko wangu uuache, mikono hii imeumbwa kushika moto, si kalamu.

Desturi ni yangu na ninaionea fahari. Nilipofunga pua ya kwanza kabisa, namba zilipaa kama ulivyoziona wewe. Injinia wa wakati ule alinijia juu, akasema nimeacha uchafu wa kuchomelea ndani. Nikaifungua mbele yake, ikang'aa kama kijiko. Nikamwambia asubiri tuone. Baada ya wiki chache namba zikashuka, zikatulia, zikakaa hapohapo. Tulipobadilisha ya pili ikawa hivyohivyo, na ya tatu hivyohivyo. Basi tukakubaliana: pua mpya huzoeshwa, na siku za mazoea haziandikwi. Ni kama kiatu kipya. Huwezi kulalamika kinabana wakati hujakivaa kikaufuata mguu.

Jambo moja tu, usicheze na joto. Ule waya wa umeme unaoipasha pua uache uwake kwa nguvu zote. Pua ikipoa, mvuke unageuka maji na maji yanaimeza gesi kabla haijafika kwenye kipimio. Hilo ulinifundisha wewe mwenyewe ulipokuwa mwanafunzi, ukinichorea mezani kwa Mama kwa chaki, akakufukuza na mwiko. Ndiyo maana pua zangu zote zina waya mara mbili ya uliotakiwa. Sikutaka tone hata moja.

Kwa hiyo tulia, ngoja izoee, weka sahihi yako uende zako. Tanuru la pili lina baraka zake, utaziona kwa macho. Siwezi kusema zaidi kwenye barua inayopita mikononi mwa madereva wanaopenda habari za watu.

Mbusu Mama.

Kaka yako,
Fundi


6 Aprili

Kaka,

Ulisema kweli, na shida ndiyo hiyo. Namba zimeshuka na kutulia palepale ulipotabiri. Meneja alikuja kuchungulia kipimio, akanipiga bega, akasema, "Unaona? Imezoea."

Mimi nikabaki na swali la kitoto. Gesi iliyopungua imekwenda wapi? Tanuru ni lilelile, mawe ya shaba ni yaleyale kutoka shimo lilelile, wapiga koleo ni walewale na matusi yao. Hakuna kilichobadilika isipokuwa bomba. Tena sijawahi kuona bomba likitulia kwa kwenda juu. Siku zote linatulia kwa kushuka.

Nikaichukua ile pua ya zamani iliyotoboka, nikaipasua kwa msumeno. Ndani ilikuwa imevaa kutu nyekundu kutoka mwanzo hadi mwisho, nene, kavu, kama mtu ameipaka rangi kwa makusudi. Nikakata na kipande cha ile ya pili ya akiba, nisamehe, ilikuwa safi na nilimhitaji shahidi. Vyote viwili nikavipasha kwenye tanuri dogo la maabara na kuvipitishia gesi kutoka kwenye mtungi ambao kiasi chake nakijua. Kipande kipya kilitoa karibu yote niliyoingiza. Cha zamani kilinipunja karibu theluthi. Nilizima moto, kikapoa, upotevu ukakoma. Nikawasha, ukarudi. Nyuma yake nilikuwa nimeweka pamba, na ile pamba ililoa kitu kizito kama mafuta ya kupikia. Kona ya koti langu iliigusa, kufika nyumbani koti lina tundu. Yale hayakuwa maji, Kaka, ilikuwa asidi.

Mama aliliona tundu akataka maelezo, nami nikamweleza hivi, na wewe nakueleza hivyohivyo. Gesi ya salfa na oksijeni zinaweza kuungana zikawa kitu kingine, ile gesi kali inayokutana na unyevu na kuwa asidi. Zikiwa peke yake hewani hazina haraka, zinapishana tu. Lakini chuma cha moto chenye kutu ni mshenga. Zinakuja zinatua juu yake, yeye anazikutanisha, zinaondoka zimeshaoana, na yeye anabaki palepale mzima, bila kupungua, akingoja wengine. Na kipimio chetu kinamjua bibi harusi, yaani gesi ya salfa, kwa jina la kwao tu. Akishaolewa akapita mbele yake, hakimwoni. Kinaandika kwamba hayupo.

Kadiri kutu inavyoenea ndani ya pua, ndivyo washenga wanavyoongezeka na namba zinavyopungua. Joto tulilozidisha kuilinda gesi na maji ndilo linalowapa washenga nguvu. Joto hilo ni letu mimi na wewe, la chaki ile mezani. Pua mpya haikuwa na kosa lolote. Ni yenyewe tu inayosema kweli, na sisi tumekuwa tukiisubiri ijifunze uongo ndipo tuiandike.

Nimekwenda kwa meneja na vipande vyangu. Amenisikiliza vizuri, amenisifu kwa bidii, amesema ni utafiti wa kupendeza. Kisha akanisogezea karatasi ileile na kalamu. Sikuweka sahihi, na sitaiweka.

Mbishi


22 Aprili

Mbishi,

Nimeisoma barua yako na nimekasirika, kwa hiyo vumilia.

Kwanza, kazi yangu. Zile pua nilizichomelea kwa mikono hii na hakuna kiungo hata kimoja kilichowahi kuvuja. Leo unaniambia ni waongo, tena umezipasua kwa msumeno na kuzionyesha ofisini kama mtu aliyekamata mwizi. Hukuona ungeniuliza kwanza?

Pili, na hili nilitaka liwe siri hadi nishuke kwenye gari mlangoni kwa Mama. Meneja aliniandikia mwezi wa kwanza. Tanuru la pili likipitishwa, mimi ndiye mkuu wa wachomeleaji, kazi ya kudumu, nyumbani. Mbishi, unajua nimekaa jangwani hapa kiasi gani? Nalala chumba cha bati na wanaume watano, mmoja anakoroma, mmoja anaota kwa sauti. Mvua nimeisahau inanukaje. Nimeshaanza kugawa vitu vyangu. Feni yangu nimempa yule anayekoroma.

Sasa wewe, kwa tundu moja la koti, unataka kuitia mchanga kazi ya ndugu yako. Moshi ule tumekua nao. Tulicheza chini yake. Mtaa upo palepale na watu wake ni walewale. Mama kila barua anasema hajambo. Huo moshi unamuumiza nani? Au ni yale yako ya utotoni, kwamba watu wote wakikaa wewe lazima usimame?

Weka sahihi. Baadaye, tukishakuwa wote nyumbani, nitakutengenezea pua za namna yoyote utakayo, za dhahabu ukipenda.

Kaka yako


2 Mei

Kaka,

Sikujua kuhusu kazi. Nilipofika hapo kwenye barua yako nilienda kukaa uani, nikalia, kisha nikarudi ndani kumalizia kusoma. Nataka urudi. Hakuna kitu ninachokitaka kuliko hicho, na meneja analijua hilo, ndiyo maana alikuandikia wewe kabla hajaniletea mimi karatasi. Cheo changu na kazi yako vilitoka mwezi mmoja. Umewahi kujiuliza kwa nini?

Sitaweka sahihi.

Uliniuliza moshi unamuumiza nani. Kuhusu Mama sina ruhusa ya kujibu, muulize mwenyewe.

Hali ya hapa ni hii. Vipande vyangu vyote vimetupwa tanuruni kwa jina la usafi. Pua iliyopo sasa imeshazoea, inatoa namba nzuri za kuonyesha wageni. Nyingine mpya haipo, ya akiba niliikata mimi mwenyewe. Karakana imeambiwa isinichomelee hata msumari. Nimewazungukia mafundi wa mtaani, wote wanakula kupitia kiwanda, kila mmoja ana udhuru na kila mmoja anaona haya kunitazama. Kikao ni tarehe ishirini na tano. Nitakwenda mikono mitupu na nitasema tu, wakicheka wacheke.

Siandiki haya ili nikuombe kitu.

Mbishi


4 Mei

Mwanangu,

Leo nimeandika mwenyewe, mdogo wako hajui, yuko kazini kugombana na watu. Miwani yangu ina ufa, kwa hiyo mistari ikipanda na kushuka usinicheke.

Nimeona barua yako ya hasira. Alikuwa ameificha chini ya godoro, na godoro ni la nyumba yangu. Unasema Mama kila barua anasema hajambo. Ni kweli nasema hivyo, na ni uongo. Mimi naumwa kifua, tena si kwa leo. Nalala nimekaa, mgongo ukutani, mito pembeni, kama abiria anayengoja basi. Upepo ukigeuka kutoka kiwandani natafuta pumzi kama mtu anayetafuta funguo. Nilimwapisha mdogo wako asikuambie, kwa sababu nakujua, ungeacha kazi ukaja kunitazama nikikohoa, na kukohoa hakuhitaji watazamaji. Kwa hiyo usimlaumu yeye, nilaumu mimi, nami sijali.

Wavu wa dirisha la jikoni ulianza kuwa matundu matundu. Nikamsingizia panya, nikamtegea mtego, panya wa watu hakuwa na kosa. Bati la jikoni nalo limeliwa, nikipika naona mawingu. Soksi zangu nikizianika nje zinarudi na vidirisha. Majirani wote ni hivyohivyo. Tumezoea, tunasema ni bati za siku hizi, ni soksi za siku hizi.

Juzi meneja wako alimtuma kijana mmoja mwenye tai. Akaniambia kiwanda kinaweza kunihamishia mtaa mwingine wenye hewa nzuri, nyumba nzuri, ila nami nimshauri binti yangu apunguze ubishi. Nikamuuliza kama jirani yangu mwenye mapacha naye anahama. Akasema hapana. Nikamuuliza kama yule mzee wa cherehani anahama. Akasema hapana. Basi nikamfungulia mlango, nikamwambia aangalie ngazi, moja imelegea.

Sasa nisikilize. Nataka urudi. Gari lolote likisimama hapo nje mimi natega sikio, hata la taka. Lakini usinirudie kwa njia ya tanuru. Ukija kunichomelea la pili wakati la kwanza limenikaa kifuani, utakuwa umekuja kwa upendo kunisogezea kaburi. Kama njia ni hiyo, kaa hukohuko na wanaokoroma, nitakupenda kutoka hapa.

Sikuombi chochote. Nimekwambia tu nilivyo.

Mama yako


13 Mei

Mbishi,

Fungua mzigo kwanza ndipo usome. La, soma kwanza, maana kuna masharti.

Mama ameniandikia. Niliisoma nimesimama kando ya lori. Dereva aliniuliza kama kuna msiba, nikamwambia bado. Nilikaa siku nzima nimekununia kwa kunificha, kisha nikakumbuka kwamba na mimi nilikuwa nimekuficha, na huyo bibi katuficha wote, basi nikaona familia nzima tuko sawa, nikaenda karakana.

Kwenye mzigo kuna pua. Nimeitengeneza hapa kambini saa za chakula, kwa kipande cha chuma kilichobaki kwenye kazi, mkuu wangu ameruhusu. Sikuwa na mchoro. Flenji, ile sahani ya kuifungia, nimeichora kwa kumbukumbu, matundu yake ya bolti mikono yangu inayajua kuliko macho. Ikigoma kuingia basi nimezeeka, lakini haitagoma. Ndani nimeisugua kwa brashi ya waya, kisha msasa, kisha kitambaa kikavu, mpaka nilipochungulia nikaona jicho langu. Ncha zote mbili nimeziziba kwa nta. Usizifungue mpaka dakika ya kuifunga. Kutu haiombi ruhusa.

Bado sikubali kwamba kazi yangu ilikuwa mbaya. Chuma kilikuwa kizuri na viungo vilikuwa vizuri. Kama kutu ni mshenga, mimi nilijenga ukumbi tu.

Nimemwandikia meneja pia, barua yake imo kwenye lori hilihili. Nimemshukuru kwa kunikumbuka, nimemwambia kazi ya tanuru la pili ampe fundi asiye na mama mtaani. Usinililie. Nilipomaliza kuiandika nililala usingizi mzito, hata yule anayekoroma sikumsikia.

Sharti ni moja. Nilianzisha desturi, nina haki ya kuivunja. Hii isizoeshwe, hata kwa saa moja.

Kaka yako,
Fundi


27 Mei

Kaka,

Iliingia. Bolti zote, bila kuguswa na tupa. Nilitamani uwepo uone sura ya mkuu wa karakana, alikaribia kupiga makofi akakumbuka anakula wapi.

Nakueleza kwa mpangilio. Kikao kilikuwa kwenye bwalo la kiwanda. Meneja mbele na ramani ya tanuru la pili, mkaguzi pembeni yake, mama mmoja mnene mwenye miwani mizito asiyetabasamu, na mtaa mzima kwenye mabenchi. Mama alikataa kukaa nyuma. Alikaa mstari wa kwanza na leso yake, na kila meneja alipotamka maneno "ndani ya kiwango," Mama alikohoa. Mara ya kwanza nilidhani ni kifua. Mara ya tatu nikajua ni makusudi.

Karatasi ikaletwa, ikakosa sahihi, mkaguzi akauliza kwa nini. Meneja akasema mkemia ana uchovu. Nikasimama. Nikasema sina uchovu, nina bomba, na nikalitoa chini ya benchi kwenye gunia lako. Nikamwomba mkaguzi aende nami kwenye kipimio, aandike namba kwa mkono wake, kisha pua ibadilishwe mbele yake, aandike tena. Meneja akasema haiwezekani, tanuru linawaka. Mkaguzi akasema hapo ndipo pazuri pa kupimia. Nadhani alikuwa amechoshwa na ramani.

Kwa pua iliyozoea namba ilikuwa nzuri kama kawaida. Wakaifungua, nikabandua nta yako, tukafunga. Chumba kile kidogo kilijaa watu hadi feni ikaacha kulia. Namba ikapanda, ikapita kiwango, ikaendelea kupanda. Mkaguzi akaiandika chini ya ile ya kwanza. Meneja akasema, kwa upole kabisa, kama daktari anayemtuliza mgonjwa: "Pua hii bado haijazoea."

Wafanyakazi wote waliokuwa mlangoni wanaijua kauli hiyo, wameisikia tangu enzi zako. Nilimtazama Mama, nikamtazama yule mwenye mapacha, na hasira ikanipanda hadi sauti ikatoka yenyewe.

"Ni kweli haijazoea," nikasema. "Waliozoea ni sisi."

Mkaguzi akataka nimweleze gesi inakwenda wapi, nikaanza na oksijeni na nyuso za chuma, nikaona macho ya watu yanapotea. Mama akanikatiza kutoka mlangoni, akasema, "Mwambie habari ya mshenga." Nikamwambia. Mkaguzi alitabasamu mara moja tu, kwenye jina la bibi harusi, kisha akaomba ile pua iliyozoea tuliyoifungua, akachungulia ndani, akaingiza kidole. Kilitoka chekundu. Alikifuta kwenye ramani ya tanuru la pili. Sijui kama alikusudia.

Matokeo ni haya, usishangilie sana. Tanuru la pili limesimamishwa. Vipimo vinaanza upya, pua mpya kila wiki, na siku ya kwanza ndiyo inayoandikwa. Tanuru la kwanza bado linawaka na moshi bado unakuja, safari ndiyo inaanza. Na mimi nimeondolewa maabara. Sasa niko stoo, nahesabu glovu. Wanatarajia niache kazi kwa aibu. Sitaacha. Kila asubuhi nafika mapema, navaa lile koti lenye tundu, nakaa pale dirishani mahali ambapo meneja lazima apite. Wakitaka nitoke wanifukuze kwa maandishi, na sababu waiandike.

Nimekugharimu kazi. Najua, na sijui nitailipaje. Mama ameninyang'anya kalamu.

Mwanangu, hakuna wa kulipa chochote hapa. Bati la jikoni mvua imelimalizia. Nasikia kuna fundi mmoja jangwani hana kazi ya tanuru. Mwambie namngoja. Mama.


8 Juni

Mama,

Nimekunja virago. Yule anayekoroma nimemwachia feni, yule anayeota amenipa brashi yake ya waya, mpya. Nasafiri na lori linalobeba barua hii, kwa hiyo huenda nikakukabidhi kwa mkono wangu mwenyewe. Gari likisimama nje, safari hii fungua.

Kazi sina, na siji kuiomba kwa yeyote. Mwambie Mbishi asiguse bati kabla sijafika, atalipima badala ya kulipigilia. Nitaleta bati jipya na rangi. Rangi tutaipaka siku hiyohiyo, halitapata nafasi ya kuzoea chochote.

Na usiniambie nipande paani asubuhi mapema kukwepa moshi. Nitapanda mchana, upepo ukiwa umetuelekea, nyundo mkononi, nikiwa nimeupa mtaa mgongo na uso nimewaelekezea watu wa kiwanda. Dirisha la meneja linaliona paa letu vizuri. Nataka ajue fundi amerudi.

Mwanao